Mahame na Wanaoyazuru

Maana na mipaka

Kuzuru mahame ni uraibu wa kuingia katika majengo yaliyoachwa na wenyewe, kuyakagua na kuyawekea kumbukumbu, iwe kwa picha, kwa michoro au kwa maandishi. Kinachoutofautisha na shughuli zinazofanana nao ni wakati unaouhusu: kipindi kati ya siku mtu wa mwisho alipofunga mlango na siku jengo linapobomolewa, linapokarabatiwa au linapomezwa na msitu. Kipindi hicho huweza kuwa cha miaka mitano au mia tano. Fundi hulijua jengo likijengwa, mwenyewe hulijua likikaliwa, na mwanaakiolojia hulijia likiwa limekwisha kufukiwa. Katikati hapo, mara nyingi, anayeliangalia kwa makini ni mdadisi wa mahame peke yake, na thamani ya uraibu huu imo katika pengo hilo.

Istilahi nne hazina budi kutenganishwa. Mahame ni mahali popote palipohamwa, pawe pamesalia majengo mazima au pamesalia misingi tu. Gofu ni jengo lililopoteza paa na sehemu ya kuta, hata kama bado lina mwenyewe anayejulikana. Ganjo ni mahali palipokuwa mji au kijiji kizima. Pagale ni jengo tupu lisilo na milango wala madirisha, na katika miji ya Tanzania huwa mara nyingi ni lile ambalo ujenzi wake ulikwama kabla halijakaliwa. Jumba la Maruhubi huko Unguja ni gofu; Gede, kusini ya Malindi, ni ganjo; ghorofa lililoishia kwenye lenta kwa kukosa fedha ni pagale. Mdadisi huvizuru vyote, lakini havisomi kwa namna moja. Pagale halina historia ya kukaliwa, bali lina historia ya kujengwa, na humo ndimo inamoonekana mifupa ya jengo ambayo kwingineko imefichwa na lipu.

Uraibu huu una majirani wanne. Utalii wa magofu hufanyika mahali palipokwisha kuwekewa uzio, kiingilio na mwongozaji, na njia ya kupita imechaguliwa na mtu mwingine. Akiolojia huchimba, huhamisha vitu na huhitaji kibali cha utafiti. Ukusanyaji wa vyuma chakavu huliendea jengo kwa ajili ya nondo, mabomba na nyaya zake, na kwa kuharibu huishinda mvua. Wa nne ni utafutaji wa hazina, ambao Tanzania Bara umejengwa juu ya imani kwamba Wajerumani, walipokuwa wakiondoka wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, walifukia dhahabu na mali nyingine. Kwa imani hiyo sakafu za nyumba za kale hutobolewa na misingi hulegezwa, na fundi anayekuja baadaye kukarabati hukuta kazi mbili badala ya moja. Mdadisi wa mahame hutengana na hawa wawili wa mwisho kwa jambo moja lisilo na mjadala: haondoki na kitu.

Asili

Kuyatazama magofu kwa makusudi ni jambo la kale. Katika karne ya 18 Giovanni Battista Piranesi alichonga michoro ya magofu ya Roma iliyosambaa Ulaya, na mwaka 1796 Hubert Robert alichora ukumbi mkuu wa Louvre ukiwa umebomoka, ilhali jengo lenyewe lilikuwa zima. Pwani ya Afrika Mashariki nayo ina kazi yake kuu: Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, utenzi unaoyapitia majumba ya Pate yaliyoachwa na mabwana zake, ambamo vidaka vilivyokuwa vya kuwekea vyombo vimekuwa makazi ya ndege. Shabaha ya utenzi huo ni mawaidha. Hata hivyo, kwa usahihi wa jicho, kwa namna unavyotaja kitu kilichokuwapo na kiumbe kilichohamia mahali pake, unazishinda picha nyingi za leo ambazo huonyesha giza na vumbi bila kusema chumba kilikuwa cha nini.

Kama uraibu wenye wafuasi wanaojitambua, kisa chake hupewa mwanzo mjini Paris. Chini ya mji huo na viunga vyake kuna njia za machimbo ya kale ya mawe zenye urefu wa kilomita 300 hivi. Sehemu isiyofika kilomita 2, ilikopangwa mifupa ya wafu, ndiyo iliyo wazi kwa wageni. Kuingia kwingineko kumepigwa marufuku tangu 1955. Philibert Aspairt, bawabu wa hospitali ya Val-de-Grâce, alipotelea humo mwaka 1793, na mwili wake ukapatikana 1804, ukatambuliwa kwa funguo alizokuwa nazo. Wanaoingia humo hadi leo humtaja kama mtangulizi wao. Mjini Melbourne kundi la Cave Clan liliundwa 1986, likajikita katika mitaro mikubwa ya maji ya mvua. Mjini Toronto, Jeff Chapman alianza mwaka 1996 kuchapisha jarida la Infiltration kwa jina la kupanga la Ninjalicious. Kitabu chake, Access All Areas, kilitoka 2005, mwaka aliofariki, nacho ni miongoni mwa miongozo inayorejelewa zaidi. Chapman alisisitiza mno kwamba mdadisi haivunji kufuli wala hachukui ukumbusho, na msisitizo huo ndio ulioupa uraibu huu heshima uliyo nayo.

Aina kwa sababu ya kuhamwa

Mahame huweza kupangwa kwa umri, kwa ukubwa au kwa kazi yaliyofanya. Mpangilio ulio bora ni wa sababu ya kuhamwa, kwa kuwa sababu ndiyo inayoamua kilichobaki ndani. Aliyekimbia huacha vyombo. Aliyehama kwa hiari huacha kuta.

Mahame ya maafa ndiyo mfano wa kwanza. Mji wa Pripyat, Ukraine, ulioanzishwa 1970 kwa ajili ya wafanyakazi wa kituo cha nyuklia cha Chernobyl, ulihamishwa mchana wa tarehe 27 Aprili 1986, siku moja baada ya mlipuko. Watu wapatao 49,000 waliondoka kwa mabasi wakiwa wameambiwa kwamba watarudi baada ya siku chache, wakaacha madaftari shuleni na vitanda hospitalini. Mji wa Plymouth, makao makuu ya kisiwa cha Montserrat, ulifunikwa na majivu ya volkano ya Soufrière Hills iliyoanza kulipuka 1995. Katika mahame ya namna hii chumba husomeka kama kilivyokuwa siku ya mwisho, isipokuwa pale wageni wa baadaye walipopanga upya vitu ili vipendeze kwenye picha. Huko Pripyat upangaji huo umeenea kiasi kwamba mwanasesere aliyeketi juu ya kitanda hawezi kuchukuliwa kuwa ushahidi wa chochote.

Mahame ya biashara iliyokufa ni mengi duniani. Kolmanskop, karibu na Lüderitz nchini Namibia, ulianza baada ya Zacharias Lewala, mfanyakazi wa reli, kuokota almasi mwaka 1908. Almasi nono zaidi zilipopatikana kwingine watu walihama, na kufikia 1956 mji ulikuwa mtupu. Leo mchanga wa jangwa la Namib umejaa vyumbani hadi nusu ya milango. Hashima, kisiwa cha makaa ya mawe karibu na Nagasaki, kilikuwa na watu 5,259 mwaka 1959 katika eneo la hekta 6.3, na mwaka 1974 mgodi ulipofungwa wote waliondoka ndani ya miezi michache. Detroit ilikuwa na wakazi wapatao milioni 1.85 mwaka 1950 na 713,777 katika sensa ya 2010. Pengo baina ya tarakimu hizo mbili ndilo lililotoa maelfu ya nyumba tupu, viwanda na makanisa ambavyo wapiga picha wamevizuru kuliko vya mji mwingine wowote wa Marekani.

Afrika Mashariki ina kundi lake katika aina hii, nalo ni mashamba ya mkonge. Mmea huo uliletwa Tanga na Richard Hindorf mwaka 1893, ikasalimika miche 62 tu, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 Tanganyika ilikuwa ikizalisha zaidi ya tani 200,000 za singa kwa mwaka. Kamba za nailoni na plastiki ziliiangusha bei, mashamba mengi yakataifishwa 1967, na mengine yakafa pole pole. Kiwanda kilichohamwa katika shamba la mkonge husomeka vizuri na mtu anayejua kazi ilivyokwenda. Vipande vya reli nyembamba, vilivyozama katika nyasi, ndivyo vilivyopitisha mabehewa ya majani kutoka shambani. Banda refu lenye msingi mzito wa zege ni la korona, mashine ya kusaga majani na kutenganisha singa. Mtaro wa maji unaotoka chini yake ulibeba maganda. Safu za nguzo fupi uwanjani ni za nyaya za kuanikia, na chumba chenye sakafu laini kuliko vyote ni cha brashi na kufunga marobota. Korona yenyewe kwa kawaida haipo, maana ni chuma kizito. Lakini matundu ya boliti katika zege hubaki, na umbali kati yake hutosha kukisia ukubwa wa mashine iliyokaa hapo. Karibu na kiwanda huwa kuna safu za nyumba za manamba, yaani vibarua wa mkataba, chumba kimoja kimoja, na mbali kidogo, mlimani kwenye upepo, nyumba ya meneja yenye veranda. Utaratibu mzima wa kazi na wa vyeo unaonekana kwa kutembea kutoka upande mmoja hadi mwingine, bila kusoma waraka hata mmoja.

Mpango wa karanga wa serikali ya Uingereza, ulioanza 1947 huko Kongwa na baadaye Nachingwea, ukavunjwa 1951, uliacha alama za aina nyingine: reli kutoka Mtwara hadi Nachingwea iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kinachozuriwa sasa ni tuta na makalvati.

Mahame ya vita na siasa huwa yameporwa. Kasri za Mobutu Sese Seko huko Gbadolite, kaskazini mwa Kongo, ziliporwa 1997 utawala wake ulipoanguka, hata marumaru za ukutani zikabanduliwa. Mtaa wa Varosha katika Famagusta, Kupro, ulifungwa kwa waya baada ya vita ya 1974, na sehemu yake ilifunguliwa kwa wageni 2020.

Mahame ya kubadilika kwa maisha hayana msiba ndani yake. Vijiji vya udongo vya Oman ya ndani, kama vile mitaa ya kale ya Al Hamra na Birkat al-Mawz, viliachwa kuanzia miaka ya 1970 wakazi walipojenga nyumba mpya zenye umeme na maji mita chache tu kutoka pale. Familia nyingi za Unguja na Pemba zina asili katika vijiji hivyo, na wanaovizuru kutoka pwani ya Afrika Mashariki si wote wanaokwenda kwa uraibu. Wengine wanatafuta mlango wa babu.

Mwisho katika mpangilio huu ni mahame ya mirathi, ambayo vitabu vya uraibu huu huyaruka, ingawa katika miji ya kale ya pwani huenda yakawa aina iliyo muhimu kuliko zote. Nyumba ya mawe ikirithiwa na watu wengi walio Mombasa, Dubai na London, hakuna mmoja anayetaka kuitengeneza kwa ajili ya wenziwe, wala hakuna anayeweza kuiuza peke yake. Hufungwa kwa kufuli. Ufunguo huachiwa jirani, na paa huvuja.

Kuhamwa na kuwa tupu ni mambo mawili. Grande Hotel ya Beira, Msumbiji, iliyofunguliwa katikati ya miaka ya 1950, iliacha kuendeshwa kama hoteli 1963, na baadaye ikawa makazi ya maelfu ya watu, wengi wao wakiwa wakimbizi wa vita. Kuiita mahame na kuingia na kamera ni kuingia nyumbani kwa watu. Takwa, katika kisiwa cha Manda, ilihamwa mwishoni mwa karne ya 17 au hapo karibu, lakini watu wa Shela wameendelea kwenda kwenye kaburi lake la mnara kuomba mvua. Mahali pana ubani, marashi au vitambaa vilivyofungwa mtini pana wenyewe, na huhesabiwa hivyo hata kama hakuna hati.

Aina kwa umbo la mahali

Makasri na nyumba, viwanda, hospitali na shule, vituo vya reli, ngome, migodi na mahandaki: mgawanyo huu unajieleza. Zinastahili kutajwa hospitali za kifua kikuu, zilizojengwa mbali na miji kwa ajili ya hewa safi na kuachwa pindi dawa zilipopatikana au wenyewe walipoondoka. Beelitz-Heilstätten, karibu na Berlin, iliyoanza 1898 na kutumiwa na jeshi la Kisovieti hadi miaka ya 1990, ndiyo maarufu zaidi katika Ulaya.

Aina moja husahauliwa: sehemu iliyohamwa ndani ya jengo linalotumika. Kituo cha Aldwych kilifungwa 1994 ilhali treni za chini ya London zinaendelea; kituo cha City Hall, New York, kilifungwa mwishoni mwa 1945 na treni za namba 6 bado huzunguka humo zikigeuza. Mjini Paris, kundi lijiitalo Untergunther lilifanya kazi kwa siri ndani ya Panthéon mnamo 2005 na 2006, likaitengeneza saa ya kale iliyokuwa imesimama. Walipojitangaza walishtakiwa, na mahakama ikawaachia 2007. Kisa hicho kinaonyesha kwamba jengo lenye walinzi, ofisi na wageni kila siku laweza kuwa na mahame ndani yake.

Hatua za uchakavu

Sehemu hii ndiyo inayomtenganisha mdadisi na mpita njia, na kwa jumba la mawe la pwani hatua zenyewe hufuatana kwa mpangilio usiobadilika sana.

Ukuta wa jumba hilo ni wa mawe ya matumbawe na udongo wenye chokaa, unene wake nusu mita hivi. Upana wa chumba huwekwa na urefu wa boriti za mikoko, ndiyo maana vyumba ni virefu na vyembamba, mita 2.5 hadi 3. Juu ya boriti hupangwa mawe bapa, kisha hushindiliwa kokoto na chokaa. Dari ya namna hiyo ni nzito mno, na uzito huo haudhuru kitu maadamu boriti ni kavu. Lipu ya juu ikipata nyufa na asiwepo wa kuipiga chokaa upya, maji huingia katika ukuta. Ncha za boriti, ambazo zimezikwa ukutani na hazionekani, huoza kwanza, na mchwa hufuata unyevu huohuo. Katikati ya boriti hubaki nzima na ngumu, imepakwa rangi nyekundu na nyeusi kama ilivyopakwa siku ya kwanza, ilhali ncha zake zimekuwa unga. Kwa sababu hiyo dari inayoonekana salama kwa macho huweza kushuka yote mara moja.

Dari ya juu ikianguka hutua juu ya ile ya chini yake, na hiyo nayo hushuka. Kuta sasa hazishikwi na kitu katikati. Ufa wa wima hutokea kwenye pembe, mpana juu na mwembamba chini, na upana wake wa juu ndio unaoeleza ukuta umeinama kiasi gani. Ndege na popo huleta mbegu za mitini. Mizizi hushuka ndani ya ufa ikitafuta udongo, na ikishanenepa hugeuka kuwa kitu pekee kinachoushika ukuta. Mti huo ukikatwa kwa nia njema, ukuta huanguka nao. Vinavyosalia mwisho ni vile vilivyopigwa lipu ya kuzuia maji tangu mwanzo: birika, hamamu, kisima, na pengine mihrabu. Maruhubi, iliyokamilika 1882 katika enzi ya Sayyid Barghash na kuungua 1899, ni mfano kamili: mbao zote zilikwenda na moto, na vilivyobaki ni hamamu, mabirika na safu za nguzo zilizobeba ghorofa ya juu.

Zege lenye nondo huchakaa kwa njia nyingine. Chumvi na unyevu huifikia nondo, nondo hushika kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, hivyo zege hupasuka kutoka ndani na kumeguka vipande. Alama yake ni mistari ya rangi ya kahawia kufuata nondo zilivyolala. Jengo namba 30 la Hashima, lililojengwa 1916 na linalotambuliwa kuwa ghorofa la makazi la kwanza la zege yenye nondo nchini Japani, limefikia hatua ambayo hakuna mgeni anayeruhusiwa kulisogelea.

Nyumba za udongo hutegemea paa kuliko zote. Udongo mkavu wa Oman hudumu. Wa bara penye masika, ukishaachwa wazi, hauna muda.

Hatari

Hatari kubwa si nyoka wala majini, ingawa hao ndio wanaozungumzwa. Ni sakafu. Majeraha na vifo katika uraibu huu hutokana hasa na kuanguka: sakafu iliyooza, ngazi isiyo na mkono, tundu la lifti, na katika majumba ya pwani kisima kilichofunikwa na majani au shimo la choo ambalo kifuniko chake kimeliwa. Kanuni ya mafundi ni kukanyaga juu ya mstari wa ukuta na si katikati ya chumba, na kutopanda ghorofa ambayo upande wake wa chini haujaangaliwa kwanza.

Ya pili ni hewa. Kinyesi cha popo na njiwa kikikauka hubeba fangasi wa Histoplasma, na vumbi lake likivutwa huweza kuleta ugonjwa wa mapafu. Migodi na mapango yenye popo wala matunda yana hatari kubwa zaidi: mwaka 2007 wachimbaji wa mgodi wa Kitaka, magharibi mwa Uganda, waliugua homa ya Marburg. Vigae na mabomba ya asbesto, yaliyotumika sana katika majengo ya umma ya karne ya 20, havidhuru vikiwa vizima, lakini vikivunjwa hutoa nyuzi zisizoonekana ambazo madhara yake hujitokeza baada ya miaka mingi. Kitambaa cha puani hakizuii kitu hapo. Inahitajika barakoa ya kuchuja chembe ndogo. Nyuki, nyigu na nyoka hufuata baada ya hayo.

Vifaa na namna ya kufanya kazi

Vifaa vya lazima ni vichache: tochi mbili, moja ya kichwani, buti zenye soli ngumu, glovu, kofia ngumu, barakoa, maji, na mtu wa pili. Mtu wa tatu, aliyebaki nje na anayejua saa ya kurudi, huhesabiwa kuwa kifaa pia. Kwa kumbukumbu huhitajika kamera na mguu wake, kwa kuwa mwanga hafifu hutaka lenzi ibaki wazi kwa sekunde kadhaa, na huhitajika futi ya kupimia, daftari na penseli. Wapiga picha wengi huviacha hivi vitatu vya mwisho nyumbani, na ndivyo vyenye faida ya kudumu kuliko kamera.

Kazi huanza nje. Jengo huzungukwa lote, nyufa na miinamo huandikwa, na watu wa jirani huulizwa. Kisha hupigwa hodi mlangoni, hata kama jengo linaonekana tupu, kwa heshima na kwa usalama: aliyelala ndani akishtuliwa huwa na haki ya kushtuka. Ndani, vyumba hupewa namba kabla ya kupigwa picha, na kila picha hufuatana na namba ya chumba na upande wa dira. Vidaka, maandishi ukutani, matundu ya boriti, tabaka za rangi na vishikizo vya milango huchukuliwa kwa karibu, kipimo kikiwa kimewekwa kando. Mahali palipokuwa msikiti viatu huvuliwa ikiwa sakafu inaruhusu.

Wadadisi wenyewe hugawanyika kwa kile wanachokitafuta. Wako wapiga picha, wanaofuata mwanga. Wako wapandaji, wanaofuata urefu na msisimko, na hao ndio wanaosababisha milango mingi kufungwa kwa wengine. Wako wenye kumbukumbu, ambao mara nyingi wamewahi kufanya kazi au kusoma katika jengo hilohilo. Na wako wapimaji, wachache kuliko wote, wanaotoka na ramani ya chumba kwa chumba.

Sheria na idhini

Jengo lililoachwa si jengo lisilo na mwenyewe. Kosa la kutojua tofauti hii ndilo chanzo cha kesi nyingi. Nchini Uingereza kuingia bila ruhusa, bila kuvunja wala kuiba, kwa kawaida ni shauri la madai. Tanzania na Kenya hazifuati njia hiyo: Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inatambua kosa la kuingia kwa jinai, na Kenya ina sheria mahususi ya kuingia bila ruhusa katika ardhi ya mtu. Majengo ya jeshi, polisi, bandari na reli yana masharti makali zaidi, hata yakiwa yamesimama matupu. Magofu ya kale hulindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 kwa upande wa Tanzania Bara, na Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya 2006 kwa upande wa Kenya.

Idhini hutafutwa kwa ngazi. Kwa nyumba ya mtu, ni mwenyewe au msimamizi wa mirathi. Kwa shamba, ni meneja. Kwa nyumba ya wakfu huko Zanzibar, ni Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Hata penye idhini ya maandishi, serikali ya mtaa huarifiwa: sheha kwa Zanzibar, mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji kwa Bara, chifu kwa Kenya. Afrika Mashariki njia hii ni nyepesi kuliko Ulaya, maana mzee wa mtaa aliyeombwa kwa adabu mara nyingi hutoa ufunguo na historia ya nyumba kwa pamoja, na historia hiyo haipatikani kwa kupenya dirishani usiku.

Kanuni ya kutotaja mahali panapozuriwa, ambayo wadadisi wa Ulaya na Japani huishikilia, ina sababu ya msingi: picha yenye anwani huwaleta wakata nondo na wapaka rangi. Lakini ikishikiliwa hata mbele ya taasisi za urithi, kumbukumbu huzikwa pamoja na jengo. Utaratibu unaofaa ni kuficha mahali mbele ya umma na kutoa nakala kamili, yenye tarehe, jina na vipimo, kwa makumbusho au idara ya mambo ya kale.

Matumizi na hatima

Kumbukumbu za wadadisi hutumika kwa namna kuu tatu. Mkarabati huzitumia kujua dirisha lilikaa wapi na boriti ilikuwa ya unene gani. Mwanahistoria huzitumia kwa mambo ambayo nyaraka hazikuyaandika, kama vile upana wa chumba cha manamba. Mhandisi huzitumia kupima kasi ya uchakavu kwa kulinganisha picha za miaka tofauti za ufa uleule. Sanaa ya picha ni matumizi ya nne, na ndiyo inayojulikana zaidi. Ubaya wake ni kwamba huonyesha mji uliokufa na kuwaficha wanaoendelea kuishi ndani yake, lawama ambayo watu wa Detroit wameitoa mara nyingi na kwa haki.

Mahame huishia katika moja ya hatima nne. Mengi hubomolewa au huporomoka. Machache hutunzwa yakiwa magofu: James Kirkman alianza kuchimba na kuimarisha kuta za Gede mwaka 1948, na mwaka 2024 ganjo hilo liliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia; Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, zilizoorodheshwa 1981, ziliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini 2004 na kuondolewa humo 2014 baada ya kazi ya kuimarisha kuta. Mengine hugeuzwa kivutio kama yalivyo, kwa tiketi, kama Kolmanskop, au Hashima tangu 2009. Yaliyo machache kuliko yote hurudishiwa kazi. Kituo cha treni cha Michigan Central, Detroit, kilichofunguliwa 1913, kilipokea treni yake ya mwisho Januari 1988 na kikakaa kitupu kwa miaka 30, kikipigwa picha kuliko karibu jengo lolote la aina yake. Kampuni ya Ford ilikinunua 2018, na Juni 2024 kilifunguliwa tena kwa umma, safari hii kikiwa jengo la ofisi na kumbi.